Ramadhani 17: Kidani, Upawa na Kasha la Mama



Wapenzi wa chaneli yetu, natumai mmeamka salama na daku lilikwenda vizuri. (Yule aliyeniandikia jana kuwa usingizi ulimpitia hakula kitu, pole mno. Funga hivyo hivyo, mchana wenyewe una mwisho.)

Leo ni tarehe 17, na kila mwaka siku hii tunakumbushana habari ya Badri: mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu mia tatu na kidogo, na mateka wa Kikureshi waliofika 70. Misikitini leo baada ya Laasiri mtaisikia kwa urefu, kwa ndimi za wanaoijua kuliko mimi. Mimi ninakitaka kipande kimoja tu cha habari hiyo, na kipande chenyewe ni kidani cha mwanamke. Nitakifikia. Kwanza nikuhadithieni kilichonikuta nyumbani Jumapili.

Jumapili sikuwa na kazi. Joto la kaskazi mnalijua lilivyo siku hizi, saa tano tu ukikanyaga sakafu ya uwani kwa mguu mtupu unaruka. Wanaume wa nyumba walikwenda kusali Adhuhuri wakabaki huko huko msikitini, kwa itikafu na kwa feni, tusidanganyane. Futari nilishaitayarisha nusu: muhogo umeshamenywa umo kwenye maji, kunde zimerowekwa. Nikasema leo nitaifanya kazi ninayoipenda kuliko zote za nyumba. Nitafungua kasha la marehemu mama nianike nguo.

Kasha lenyewe ni la kizamani, mbao nzito, misumari ya shaba mbele na vijidroo vitatu chini. Mama alilipata kwa bibi yake. Ukifunua tu, kabla jicho halijaona kitu, inakujia harufu: udi, karafuu alizozifunga kwenye vitambaa ili wadudu wasiingie, na harufu nyengine ambayo mimi sina jina lake, ni ya kwake tu. Basi nakaa kitako kwenye mkeka natoa kimoja kimoja. Doti za kanga, moja imefuliwa mpaka jina lake halisomeki tena. Buibui la zamani, lile la kamba. Mrashi na chetezo. Msahafu alioushonea mfuko kwa mkono wake. Kitambaa alichokuwa akikidarizi kikamshinda kumaliza, na sindano bado imechomekwa pale pale alipoiacha, imeshika kutu kidogo. Na upawa wa kifuu aliokuwa akichotea uji kila Ramadhani tangu sisi wadogo. Mpini wake ulipasuka zamani, baba akaufunga kwa waya mwembamba wa shaba, ukaendelea.

Nikazianika kanga kwenye kamba ya kivulini (msizianike juani jamani, jua la kaskazi linakula rangi). Misumari ya kasha nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa. Nikabadilisha karafuu. Nikazikunja kanga zilizokauka, moja moja, ile mikunjo ya mama ya mara nne na kubonyeza kwa kiganja. Nyumba kimya, watoto wamelala, kunguru tu juu ya bati. Wallahi kwa muda wa saa mbili hivi sikuhisi kiu wala njaa.

Nikajiuliza: hivi haya ndiyo mambo ya kufanya mchana wa Ramadhani? Mwenzangu saa hizi yuko juzuu ya ishirini, mimi nasugua misumari. Kuna wahubiri wakiizungumzia dunia utadhani ni jaa la taka, na kila kinachompendeza mtu nyumbani kwake ni mtego. Mimi hapo huwa siwafuati. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa Sala hutoka kwenda kusali. Na imepokewa kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake mwenyewe. Sasa kama mkono ule mtukufu ulishika sindano na kiatu, mimi na misumari yangu nikanye nini? Hilo sikulikalia sana. Nilijiona niko salama.

Salama yangu haikufika Laasiri.

Binti yangu, ana miaka kumi, aliamka akaja kukaa pembeni. Akafungua kidroo cha chini, akatoa kidani. Ni cha dhahabu, si kikubwa, cha mtindo wa zamani, na mimi huwa nakivaa harusini na siku ya Idi. Akakinyanyua kwenye mwanga akaniuliza, "Mama, hiki bibi alikupa?"

Nikasema, "Eee, alinipa."

Nikaendelea kukunja. Lakini neno lile halikuondoka, likanikaa kooni kama mfupa wa dagaa. Nimefunga, nimetoka kusali, na nimemwambia mtoto jambo ambalo nikilitazama vizuri silo lililotokea.

Lililotokea ni hili. Mama aliugua miezi saba, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Dada yangu yuko Muscat kwa mumewe miaka mingi, kaka yuko Dar es Salaam. Siku moja nimemaliza kumuosha, mama akaniambia, "Kile kidani nikiondoka kitakuwa chako, wewe ndo unaniosha." Mimi nikalia, nikamwambia asiseme maneno hayo, na kidani kikabaki kidroo kile kile. Hakukitoa akanitia mkononi. Alipofariki, dada alifika siku ya pili, akawahi khitma, akaondoka baada ya wiki kwa sababu ya watoto. Nyumba na shamba la mikarafuu viligaiwa vizuri, kila mtu akapata fungu lake, karatasi zipo. Kasha halikutajwa na mtu. Kwani nani atataja kanga kuukuu mbele ya watu wanaohesabu miti? Mimi nilikuwa nakaa nyumba ile, kasha likabaki na mimi. Miaka sita sasa.

Ndugu zangu, hapa pana jambo ambalo wengi wetu tumelifumbia macho, na mimi nilikuwa wa kwanza. Tunapotaja mirathi tunafikiri nyumba, kiwanja, fedha za benki. Lakini Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, inaposema wanaume na wanawake wana sehemu katika walichoacha wazazi na jamaa, haiishii kwenye vikubwa, inataja kabisa kiwe kidogo au kingi. Kidogo ndicho hicho. Sindano ya darizi ni kidogo. Masheikh wetu wanasema roho ikishatoka tu, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia wenye kusihi, kila kilichobaki kimeshakuwa cha warithi, hata kama bado kiko kidroo kile kile na ufunguo uko kiunoni mwako.

Na lile neno la mama, je? Nalo nililipima. Angekitoa kidani akanikabidhi akiwa hai na mwenye afya zake, ingekuwa hiba, na kingekuwa changu toka siku hiyo. Lakini alisema "nikiondoka". Hiyo si hiba, hiyo ni wasia, na wasia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Hili ni maarufu, halihitaji mtu awe amesoma Madina. Mimi nililijua. Nililifundisha darsa la wanawake hapa hapa mtaani mwaka juzi! Ila nilipolifundisha nilikuwa nafikiria nyumba za watu.

Basi nikapiga hesabu. Baba alishatangulia, wazazi wa mama pia. Tumebaki mwanamume mmoja na wanawake wawili: mafungu manne, kaka mawili, sisi moja moja. Kidani kile changu ni robo. Idi sita na harusi sijui ngapi, robo tatu ya kilichokuwa shingoni mwangu ilikuwa mali ya watu ambao sikuwahi kuwauliza.

Nafsi haikubali kirahisi, nayo ina wakili wake. Wakili akasimama: lakini wewe ndiye uliyemuuguza. Wewe ndiye uliyeamka usiku. Wao walituma pesa, pesa ina uzito gani mbele ya usiku? Nikakiri hoja ina nguvu, na najua wengi mnaosoma hapa mmeuguza wazazi na mmeishikilia hoja hiyo hiyo. Lakini itazame vizuri. Kama nilimuuguza kwa ajili ya Allah, malipo yangu yako kwake, na nikijilipa mwenyewe kwa kidani nimeyashusha thamani mno. Kama nilimuuguza kwa ujira, ilitakiwa tupatane ujira akiwa hai, nisijikatie mwenyewe kimya kimya. Sikuona njia ya tatu. Nilikaa nikiitafuta mpaka kunde zikataka kuungua.

Hapo ndipo nikakikumbuka kidani cha Badri.

Miongoni mwa wale mateka 70 alikuwemo Abul-Aas bin Rabii, mume wa Bibi Zaynab, binti wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa bado hajasilimu, na Zaynab mwenyewe bado yuko Makka. Watu wa Makka walipotuma fidia za kuwakomboa jamaa zao, na Zaynab akatuma ya mumewe, na ndani yake akatia kidani. Kidani hicho kilikuwa cha Bibi Khadija (r.a.), mama yake, alikuwa amempa alipoolewa. Bibi Khadija alikuwa ameshafariki kabla ya Hijra. Anasimulia Bibi Aisha kuwa Mtume alipokiona kidani kile aliingiwa na huruma kubwa mno.

Simameni hapo kidogo. Huyu ni mtu aliyetoka vitani, ana mambo ya umma mzima juu ya mabega yake, na kitu kidogo cha mke aliyemtangulia kinamfika moyoni mbele za watu. Hakuona haya kwa hilo, wala hakuna aliyemwambia huko ni kupenda dunia. Kwa hivyo wale wanaotuambia kuhifadhi vitu vya marehemu wetu ni udhaifu wa imani, nawaomba wairejee habari hii.

Lakini kinachonishughulisha mimi ni kilichofuata. Angeweza kukichukua. Nani angemzuia? Ni kidani cha mkewe, kimetumwa na binti yake, na yeye ndiye kiongozi wao. Hata hivyo fidia ile ilikuwa na wenyewe, wale waliokuwa na haki kwa mateka yule. Basi akawaomba. Akawaambia kwa maana kwamba wakiona vyema wamwachie Zaynab mateka wake na wamrudishie kilicho chake. Wakakubali. Kidani kikarudi Makka.

Huruma kubwa ile, na bado aliuliza. Mimi huruma yangu ndogo ilinitosha kuwa hati ya umiliki. Nilikuwa naamini kwamba kwa kuwa ninakipenda kitu, ninakikunja vizuri, ninakitilia karafuu mpya kila mwaka, basi kimekuwa changu. Kumbe kupenda ni jambo moja na haki ni jambo jengine, na mtu anaweza kukipenda kwa dhati kitu cha mwenzake. Naona khasa sisi tunaobaki nyumbani, wanawake zaidi, tumo hatarini hapa, kwa sababu vitu vinabaki mikononi mwetu na tunavitunza kweli. Utunzaji unatupofusha.

Kuna atakayesema: ndugu wenyewe walinyamaza, si wameridhia? Hapana. Mali ya Muislamu haihalaliki ila kwa radhi ya nafsi yake, na kunyamaza wiki ya msiba si radhi. Mtu ana matanga, macho mekundu, atakwambia "chukueni tu". Mwengine ananyamaza kwa haya, asije akaonekana amekuja kuzika na kufungasha. Na kama miongoni mwa warithi yupo yatima mdogo, huyo hata aseme "nimesamehe" mara mia, samahani yake haihesabiwi mpaka abaleghe. Wenye makasha ya namna hiyo waulize masheikh kabla ya Idi. Sitarefusha.

Baada ya futari nikaandika kwenye grupu letu la familia, sisi watatu tu. Nilifuta nikaandika, nikafuta tena. Mwisho nikapiga picha vitu vyote kwenye mkeka, kidani, mrashi, chetezo, kanga, upawa, msahafu, nikavipeleka, chini nikaandika: "Hivi ni vya mama, viko kwangu, sikuwahi kuwaulizeni. Kidani mama alinambia kitakuwa changu lakini hakunikabidhi, na nyinyi mna haki zenu. Nakuombeni radhi kwa miaka sita. Kila mtu aseme anachotaka, au viuzwe tugawane."

Kaka alijibu upesi, kwa sauti, kwa ule mzaha wake. "Wewe mtoto una wazimu? Vaa kidani chako. Fungu langu nimekupa." Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia daladala zinapita nyuma yake, akasema, "Ila binti yangu akiolewa umuazime siku moja." Nikacheka, nikalia.

Dada alisoma, hakujibu. Tumesali Tarawehe tumerudi, bado. Saa tano usiku akapiga simu.

Hakuanza na kidani. Alisema, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa nasubiri tu mtu aniulize." Akasema siku ile anarudi Muscat, sanduku lake lilikuwa na nguo zake na halua ya kupelekea watu, na hamna hata kitambaa cha mama. Aliona haya kuomba. Aliogopa nitasema hakuja kumuuguza, sasa anakuja kuchukua. Kwenye ndege alikuwa akinusa ushungi wake mwenyewe, kwa kuwa mama aliukumbatia mara ya mwisho alipokuja, miaka miwili kabla. Miaka sita dada yangu ana jambo hili kifuani, na kila Idi nampelekea picha nimevaa kidani, naye ananiandikia "mashaallah umependeza".

Nilimwambia achukue kidani chote, mimi nimesamehe robo yangu. Akasema, "Kidani sikitaki, mama alikutaka wewe ukivae, mimi nimeridhia mbele ya Allah. Ule upawa wa uji ndo ninaoutaka."

Sasa nitakwambieni ukweli, kwa sababu chaneli hii haina maana tukija kujipamba. Moyo wangu ulisita. Kidani nilikuwa nimeshakitoa roho safi kabisa, lakini aliposema upawa niliona kama ameniomba mkono. Ramadhani yote mimi nachotea uji upawa ule. Mdomo ulitaka kumwambia umepasuka, haufai, huko Muscat utaufanyia nini, nitakununulia mwengine darajani. Kitu ambacho ukikipeleka sokoni hakuna atakayekupa hata shilingi mia tano! Nikaelewa kwa nini aya imetaja kidogo pamoja na kingi. Aliyetuumba anajua kwamba si kila mara tunang'ang'ania chenye bei. Kidani kina bei, kwa hivyo hata mimi niliona mapema kuwa kina wenyewe. Upawa hauna bei, ndiyo maana nilikuwa sijauhesabu kabisa, na kumbe ndio uliokuwa umembana dada yangu.

Nilimwambia ni wako. Nilisema haraka, kabla wakili hajasimama tena. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama ule waya wa baba bado upo kwenye mpini. Nikamwambia upo.

Asubuhi nilimwita binti yangu, nikamwambia jana sikukujibu sawa. Bibi hakunipa kidani, alisema anataka niwe nacho, na jana usiku ndo mama mkubwa na mjomba wako wamenipa. Akafikiri kidogo, akauliza, "Kwa hivyo jana ulisema uongo na umefunga?" Nikamwambia ndiyo, na nimeomba maghfira. Akasema naye anataka kanga ile isiyosomeka. Nikamwambia ngoja, kwanza tuwaulize wenzetu.

Upawa nimeuosha, nimeukausha kivulini, nimeufunga kwenye doti moja ya kanga ambayo hakuiomba. Leo uji nitachotea kijiko cha bati. Basi kama yupo miongoni mwenu, au ana jamaa anayesafiri kwenda Muscat kabla ya Idi na ana nafasi kwenye sanduku lake, aniandikie pembeni. Mzigo wenyewe haufiki nusu kilo.